Hita mpya, maji yale yale

Julai ya Arusha haina utani. Alfajiri ukifungua mlango wa jikoni kwetu Moshono, baridi inakuwahi kuingia ndani kabla wewe hujatoka nje, na Mlima Meru unakuwa umejifunika gubigubi. Mwezi huo ndio mama yangu aliouchagua kuja kututembelea kutoka Tanga, mji ambao watu wake wakisikia nyuzi joto 20 hutafuta sweta. Na wiki hiyohiyo hita yetu ya maji ikafa.

Ilikufa kifo cha kueleweka. Haikuvuja kwenye maungio, ilivuja tumboni; maji yakawa yanatambaa ndani ya lile koti lake jeupe la bati na kudondoka kwenye vigae vya bafuni. Tangi la hita likishatoboka halina dawa. Nikanunua nyingine, na kwa kuwa mgeni alikuwa njiani nikajitutumua: kutoka lita 50 nikapanda hadi lita 80. Fundi kijana aliyeifunga alimaliza kabla ya adhuhuri. Swali lake la kwanza alipofika lilikuwa, "Baba yupo?" Baba alikuwa safarini, kwa hiyo maelezo ya namna ya kuitumia nikapewa mimi, tena kwa ufupi sana.

Mama alifika siku ya pili yake. Jioni akaingia kuoga. Hakukaa. Alitoka amejifunga khanga mbili na mtandio juu, akasema, "Mwanangu, hii hita yenu inapasha maji au inayatisha tu?"

Maji yalikuwa vuguvugu. Yangekuwa baridi kabisa ingekuwa habari nyepesi, maana ungejua umeme haufiki. Yalikuwa na ule uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani. Na hita yenyewe ilikuwa kazini: taa nyekundu inawaka, baada ya saa mbili na nusu na ushei inazimika, na ukigusa bomba linalotoka kwenye hita kidole kinaruka chenyewe. Hatua nane mbele, kwenye shawa, moto umepotelea njiani.

Ninayaandika haya kwa sababu ya siku kumi na moja zilizofuata, na kwa sababu ya Sh30,000 ambazo nilikaribia kugoma kuzilipa.

Nilimwita kwanza yule yule aliyeifunga. Alifungua kifuniko cha chini, akachukua bisibisi na kuizungusha thamostati mpaka ikagota. "Sasa itachemka, dada." Bafuni hakikuchemka kitu. Kilichochemka ni mita ya LUKU.

Hapa tupige hesabu kidogo, kwa sababu watu wengi tunaifunga hita bila kujua inakula nini. Kuipandisha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunataka kilojuli 4.2 hivi. Chukua lita 80 za maji yaliyolala kwenye simtanki usiku wa Julai, tuseme yana nyuzi 18, uyafikishe nyuzi 60: hapo umeshakula karibu yuniti 4 za umeme, na kwa elementi ya wati 1,500 umesubiri zaidi ya saa mbili na nusu. Hata ile hita yangu ya zamani ya lita 50, ikipashwa mara moja tu kwa siku, ilikuwa inakula yuniti 2.4. Zidisha kwa siku 30 upate 73. Sasa kumbuka kwamba TANESCO humhesabu mtumiaji mdogo wa nyumbani kuwa ni yule asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi. Hita peke yake, kabla hujawasha taa moja wala kuchomeka friji, imeshafika mlangoni. Ndiyo maana hita inayopasha maji yasiyofika bafuni yakiwa moto inauma mara mbili, kwenye ngozi na kwenye pochi.

Fundi wa pili alikuja na maneno mengi. Akaligonga tangi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama mnunuzi wa tikitimaji, kisha akatoa hukumu: "Hii feki." Akaona na valvu ndogo chini ya hita inadondosha tone moja moja. "Na imeshaanza kuvuja, unaona?" Akaiziba mdomo kwa plagi na tredi tepu mizunguko kumi. Nikamshukuru. Nikampa na soda.

Dukani muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake. Hita zao, alisema, hazina shida. Mwenye shida ni fundi wangu. Basi fundi anakitupia lawama kifaa, duka linamtupia lawama fundi, na mimi katikati nachemsha maji kwa sufuria juu ya jiko la gesi na kuyabeba kwa ndoo. Hita mpya ya Sh450,000 iko ukutani, mama anaoga kwa kopo.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Kijenge, fundi bomba tangu enzi za mabomba ya chuma. Alikuja kwa miguu, kifuko kidogo begani. Tukaamkiana, nikamwonyesha njia ya bafuni. Akaniomba kiti.

Aliketi sebuleni akaanza kuuliza, na maswali yake nimeyaweka moyoni kwa sababu kila moja lilikuwa linafunga mlango mmoja na kuacha mingine wazi. Maji ni baridi au vuguvugu? Yakiwa baridi kabisa, alisema, unatazama umeme: breka imeanguka, au kile kitufe cha usalama cha thamostati kimeruka, au elementi imeungua. Na elementi ya hita mpya huungua kwa kosa moja la kijinga ambalo mafundi hawapendi kulisema, la kuwasha umeme kabla tangi halijajaa. Dakika chache tu ndani ya hewa tupu zinatosha. Hita mpya inakufa siku ya harusi yake.

Je, yanaanza moto kisha yanapoa upesi? Hapo huenda mabomba yamepishana. Hita ya ukutani ina miguu miwili chini, mmoja una alama ya buluu na mwingine nyekundu. Wa buluu unaingiza maji baridi chini ya tangi, wa nyekundu una mrija mrefu ndani unaokwenda kuchota yale ya juu kabisa, kwa kuwa maji ya moto hukaa juu. Ukigeuza, unayamwaga ya baridi juu ya ya moto na kuchota ya chini. Tangi zima la moto linakupa kopo mbili za kuogea.

Bomba moja au yote? Asubuhi na jioni sawasawa? Hilo la jioni sikulielewa mpaka aliponieleza kwamba umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180 elementi inapoteza asilimia 39 hivi ya nguvu yake, si ile robo ambayo mtu angekisia, hivyo mtaa ambao jioni taa zake hufifia usitegemee hita ziwahi. Je, bomba la moto linatoka kwa presha ileile ya baridi, au linakohoa? Likikohoa, hewa imenaswa kwenye bomba lililopandishwa darini na kushushwa. Letu halikukohoa.

Kisha akauliza, "Wiki hiyo mliyofunga hita, kuna kingine chochote mlichofunga, mlichofungua, mlichohamisha?"

Nikamjibu hakuna.

Kutoka jikoni mama akaitika, "Na shatafu je?"

Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa. Mama yangu hawezi kukaa siku mbili katika nyumba ambayo choo chake hakina shatafu, ile hosi ndogo ya kujisafishia, na mimi mtoto wake nalijua hilo, kwa hiyo siku moja kabla hajafika nilimwita kijana mwingine akafunga moja kwenye bafu la wageni. Tena nikajifanya mwerevu: badala ya kuitoa kwenye bomba la baridi kama watu wote, nikataka itolewe kwenye mikisa ya shawa, ile ya vishikio viwili, ili alfajiri akitawadha asikutane na maji ya barafu. Ilinigharimu Sh35,000 na nikaisahau. Nilipoulizwa nini kimebadilika nyumbani, akili ilikwenda moja kwa moja kwenye kitu cha laki nne na nusu.

Mzee aliinuka. Kwenye hita kitu cha kwanza alichokiona ni ile plagi, na hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Nani kaziba hapa?" Aliitoa kabla ya kugusa kingine chochote.

Maji yakipata moto hutanuka. Si sana, kutoka nyuzi 18 hadi 60 hutanuka kwa asilimia moja na nusu hivi, lakini kwa tangi la lita 80 hiyo ni zaidi ya lita moja inayotafuta pa kwenda. Haiwezi kurudi ilikotoka kwa sababu mlangoni mwa hita pana valvu ya upande mmoja, ile ambayo mafundi huiita nonritani. Ndiyo maana ile valvu ndogo hudondosha. Inahema. Kwenye hita nyingi za ukutani imepangwa kufunguka presha ikifika baa 8, na zaidi ya kuhema kila siku ina kazi nyingine ya siku moja mbaya: thamostati ikigoma kukata, maji ndani ya tangi lililofungwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, na tangi likipasuka yanageuka mvuke kwa mara moja, mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya maji. Sasa weka pamoja kazi ya mafundi wangu wawili. Wa kwanza aliipandisha thamostati hadi mwisho. Wa pili akaziba pumzi. Kila mmoja alilipwa, na hakuna aliyejua mwenzake alichofanya. Kwa siku sita nyumba yangu ililala na kitu hicho juu ya kichwa cha mama yangu.

Baada ya hapo mzee akafunga koki inayoingiza maji baridi kwenye hita. Akaniambia, "Nenda jikoni ukafungue bomba la moto, mwanangu. Liache wazi."

Nikafungua. Kwa akili ya kawaida, hita ikifungiwa mlango wa kuingilia, hakuna cha kuyasukuma maji yatoke. Bomba lilitakiwa lilie kidogo likate. Lilitoka. Likaendelea kutoka, dakika nzima, dakika mbili, maji mengi, safi, baridi kama ya mtoni. Nimesimama mbele ya bomba lenye alama nyekundu linalomwaga maji ambayo hayawezi kuwa yametoka kwenye hita.

"Haya yanatoka wapi," mzee akauliza akiwa mlangoni, "na mlango nimeufunga?"

Akaenda bafu la wageni. Vishikio vyote viwili vya mikisa vilikuwa wazi, kwa sababu mama hufungua mara moja asubuhi na kuanzia hapo hukata maji kwa kile kibonyezo cha mkononi, kama wanavyofanya watu wote wenye shatafu. Mzee akavifunga vyote viwili kwa vidole. Jikoni bomba likakata.

Sijui kama nimewahi kuusikia ukimya mtamu kuliko ule.

Kilichokuwa kinatokea ni rahisi ukishakiona. Mikisa ikiwa wazi pande zote mbili na mdomo wa mbele umefungwa na shatafu, bomba la baridi na la moto yanakutana humo ndani na kuwa kitu kimoja. Ukifungua maji ya moto popote pengine, presha inashuka upande wa moto, na maji baridi yanaona njia ya mkato. Kwa nini yapite kwenye hita, penye nonritani na kona tatu, wakati mikisa iko wazi? Yanapitia humo, yanachanganyika na yale machache ya moto, na unachopata kwenye shawa ni uvuguvugu. Nyumba ambazo baridi inatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji na moto unatoka kwenye simtanki huumia zaidi, maana hapo presha ya baridi ni kubwa muda wote. Simtanki lililoinuliwa mita 4 juu ya shawa linakupa baa 0.4 tu. Haliwezi kushindana na mtu.

Mzee akafungua tena koki ya hita, akatuambia tusubiri. Nilipofungua bomba la moto alinishika mkono kabla sijauingiza. Maji yalitoka na mvuke. Thamostati ilikuwa bado pale alipoiacha fundi wa kwanza, kwenye nyuzi 75, na muda wote huo kilichokuwa kinatukinga tusiungue ni lile lile kosa la shatafu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde 5. Ya 75 hayakupi hata nafasi ya kushtuka. Akaishusha hadi 60. Nikamwomba aishushe zaidi, hata 45, tuoge bila kuchanganya. Akakataa, na sababu yake niliijua kwa jina lingine: mwaka 1976 wanachama wa chama cha askari wastaafu wa Marekani waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia waliugua homa ya mapafu na wengi wakafa, na mwezi Januari 1977 bakteria aliyesababisha akatambuliwa, na baadaye akapewa jina la Legionella kutokana na chama hicho. Bakteria huyo huyapenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama. Tangi lihifadhi kwenye 60, uchanganye bombani.

Nikamuuliza, "Mzee, nikupe nini?"

"Elfu thelathini."

Na hapa ndipo ninapojiona aibu, kwa sababu mdomo wangu ulifunguka ili kusema, "Lakini hujabadilisha kitu." Alikuwa amekaa kwangu chini ya saa moja, nusu yake akiwa kitini. Hakutoa jasho. Hakununua hata tredi tepu. Fundi wa kwanza nilimlipa elfu ishirini aliporudi kuizungusha ile thamostati, wa pili elfu ishirini na tano na soda, na sikunung'unika, kwa sababu hawa niliwaona wakikaza spana na kupanda ngazi. Yule aliyelitibu tatizo ndiye niliyetaka kumpunguzia.

Ukienda hospitali unalipia kumwona daktari. Unalipia vipimo. Dawa inakuja mwisho, na wakati mwingine haiji: unaambiwa nenda nyumbani, kunywa maji mengi, na hurudi dirishani kudai hela yako kwa kuwa hukupewa vidonge. Lakini fundi tunamwambia, "Njoo uangalie tu." Kuangalia ni bure, labda umpe nauli. Tunachomlipa ni vifaa na "ufundi", na ufundi kwetu maana yake ni mikono. Basi fundi naye ana watoto. Akija akaangalia, akafikiri, akakufungia mikisa yako kwa vidole viwili, amekula hasara ya siku nzima. Akisema elementi imekufa, kuna elementi ya kununua, kuna duka analolijua, kuna cha juu atakachokiweka, na kuna ufundi wa kuibadilisha. Sisi wenyewe tumemjengea njia ambayo kosa linalipa kuliko jibu. Halafu tunakaa kwenye vibaraza tukisema mafundi wa siku hizi ni wababaishaji.

Kijana anayetoka VETA na cheti chake anajua kuunganisha bomba la PPR kwa moto likashika kama limezaliwa hivyo. Nimewaona, kazi zao ni safi. Sokoni anakuta hakuna anayemlipa kuuliza maswali matano. Baada ya mwaka mmoja hayaulizi tena. Jirani yangu mmoja alibadilisha shawa mbili za umeme msimu mmoja, zile za plastiki za kichwani ambazo asili yake ni Brazil, kila mara akiambiwa ile ya kwanza haina nguvu. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika inayapandisha maji nyuzi 26, unaoga vizuri hata Julai. Ikipitisha lita 6, inapandisha 13 tu. Dawa yake ilikuwa kupunguza koki. Nani atakuja kutoka Kijenge hadi Moshono kwa kazi ya kupunguza koki, bila kulipwa?

Rafiki yangu niliyemsimulia haya alinikatalia. Ukianza kulipia maneno, alisema, kila mtu atakuja na maneno, na maskini ndiye atakayeumia, atalipa kwa kusikiliza na maji yake yabaki baridi. Hoja yake si ndogo. Ila yule mzee hakuniuzia maneno. Aliniambia nifungue bomba kwa mkono wangu mwenyewe na nione maji yakitoka mahali yasipoweza kutoka. Kisha akafunga mikisa na nikaona yakikata. Hiyo ndiyo inayolipiwa. Mimi siku hizi namwambia fundi tangu kwenye simu kwamba nitamlipa elfu kadhaa za kupima, tofauti na za kazi, na kwamba kabla hajanunua chochote anionyeshe tatizo kwa macho. Wawili wamekata simu. Wa tatu alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, hilo ni sawa kabisa," na sauti yake ilibadilika.

Lawama nyingine ni zangu. Fundi wa kwanza na wa pili sikuwaambia habari za shatafu, na wangejuaje? Nyumba zetu tunazijenga kidogo kidogo, chumba mwaka huu, bafu mwaka kesho, kila hatua na fundi wake, na aliyelaza mabomba ameshahamia Dodoma au simu yake haipatikani. Hakuna mchoro. Mabomba yako nyuma ya vigae na aliyebaki na kumbukumbu ni wewe mwenye nyumba. Unajenga sasa hivi? Kabla hawajapiga plasta, toa simu upige picha kila ukuta wenye bomba, na tepu ya kupimia ionekane kwenye picha. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na wala haihitaji baba awepo.

Kabla hajaondoka, mzee aliiona hita ya zamani nyuma ya nyumba, imelala kwenye majani, kuku wawili juu yake. Akaomba spana. Alifungua kile kifuniko cha chuma kinachoshika elementi, akavuta, ikatoka na ukoko mweupe kama wa sufuria ya wali, na pembeni yake waya mmoja mwembamba, umekakamaa, mrefu kama kalamu mbili. Akauinua kwenye mwanga.

"Hii ilikuwa fimbo. Nene kama kidole changu."

Ni fimbo ya magnesiamu, na inawekwa humo ili iliwe. Kutu ikija inaanza na magnesiamu na kuliacha bati la tangi, kama mlinzi anayelipwa kupigwa badala ya tajiri wake. Ujanja huo ni wa zamani kuliko hita zenyewe: Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyeupendekeza mwaka 1824, kwa vipande vya zinki na chuma vya kuzikinga shaba za meli za kivita. Fimbo ikiisha, kutu inageukia tangi. Inatakiwa itazamwe kila mwaka mmoja au miwili na ibadilishwe ikishakonda. Mimi niliishi na hita ile miaka saba nikiifuta vumbi kwa nje. Sisi watu wa Arusha tumezoea kuyalaumu maji kwa meno yetu ya kahawia, kazi ya floridi, lakini kwa tangi lile mwenye kulaumiwa nilikuwa mimi.

Nilimlipa elfu thelathini zake na kumwongezea nauli. Shatafu hakuiondoa, alirudi kesho yake na nonritani mbili ndogo, akazifunga nyuma ya mikisa, moja kila upande, ili hata mama akiiacha wazi baridi isivuke kwenda kwa moto. Hizo nilizilipia bila neno.

Akamalizia kwa kuomba kalamu ya wino mzito. Nilidhani anataka kuandika namba yake ya simu. Alipanda kwenye kiti na kuandika ubavuni mwa hita mpya, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma shule za zamani, mwezi na mwaka, na chini yake: FIMBO – TAZAMA BAADA YA MIAKA 2. Akashuka, akairudisha kalamu.

"Na ikidondosha hapa chini?" nikamuuliza.

"Iache idondoshe."

Mama alikuwa mlangoni na taulo begani, anasubiri tumpishe.